Taa ya Luksi 10,000: Boksi Linasema Hivi, Kipimo Kinasema Vile

Karibuni tena, ndugu watazamaji wa Kampala, Jinja, Mbarara na kwingineko. Leo mezani ni taa ya mwanga mkali, ile ya kutibu sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha. Wati zake na vitufe vyake mnavijua, naviruka. Kuna jambo limenikera, nataka mlione wenyewe.

Boksi limeandikwa luksi 10,000, herufi kubwa; luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga unaofika mahali. Haya, nakiweka kipima mwanga pale ambapo jicho lako lingekuwa. Sentimita 15: kinasoma 10,200. Sawa, lakini nani anakunywa chai uso umebanana na taa hivyo? Narudi nyuma hadi sentimita 30, rula moja ya shule. 3,400! Sasa sentimita 60, mahali watu wengi wanapoiweka… 950. Taa ni ileile, sijagusa kitufe! Mwanga hutawanyika kadiri unavyosogea mbali, na taa ndogo kama daftari inaishiwa nao upesi. Yenye uso mpana ingekuruhusu ukae mbali zaidi.

Hapo ndipo pesa inapotea, jamani, maana dozi ni ukali pamoja na muda. Luksi 10,000 ni nusu saa, 5,000 ni saa nzima, 2,500 ni saa mbili. Mtu anakaa nusu saa kwenye 950, wiki tatu zinapita, anasema tiba hii ni uongo. Kumbe dozi hajaipata.

Na si uongo. Norman Rosenthal na wenzake, Marekani, 1984, walieleza sonona ya majira ya baridi. Sisi wa ikweta mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo hiyo si yetu. Ila utafiti wa Kanada wa 2016 ulichukua watu wazima 122 wenye sonona isiyofuata majira. Baada ya wiki nane, mwanga peke yake, na mwanga pamoja na fluoxetine, dawa ya sonona, vyote vilifanya vizuri kuliko tiba bandia. Usiache dawa zako kwa sababu hiyo, tafadhali!

Washa mara tu unapoamka. Iweke juu kidogo ya macho, iinamie uso. Macho wazi, lakini usiikodolee. Kichwa kikiuma, punguza dakika. Ukiwasha jioni, usingizi unakimbia. Mwenye historia ya kupandwa na wazimu wa furaha (mania, furaha na nguvu zilizopita kiasi), mwenye ugonjwa wa retina, au anayemeza doxycycline ya kuzuia malaria, aanzie kwa daktari. Na mawazo ya kujiua yakikujia, usingoje taa: nenda Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala, au hospitali ya karibu leo hii.

Zile taa nyekundu za ngozi, na zile za duara za kupigia video, msiuziwe kwa jina hili. Adapta nayo isomeke 100–240, maana za Marekani za volti 120 pekee zinaungua kwenye umeme wetu.

Hii inauzwa shilingi 280,000. Sasa njooni nami barazani. Saa mbili na nusu asubuhi, niko kivulini, uso umeelekea anga: 8,600. Bure! Ndani, karibu na dirisha lenye pazia, 300. Anayeweza kukaa nje dakika 40 kila asubuhi, aanzie hapo. Anayeingia kazini alfajiri na kutoka giza, taa inamfaa, kwa sentimita 15 tu. Alhamisi tunazipima zenye uso mpana, na rula nakuja nayo.