Hadithi za African Storybook katika darasa la awali: zichapeni, msiziache kwenye simu

Kwa muhula mzima nimetumia hadithi za African Storybook katika darasa la awali ninalofundisha mjini Tanga, lenye watoto 31 wa miaka minne hadi sita. Naandika tathmini hii kwa ajili ya walimu na wazazi walio katika hali kama yangu, yaani wenye watoto wengi na vitabu vichache, na ambao baadhi ya watoto wao hawajawahi kushika kitabu wakaambiwa kuwa ni chao.

African Storybook ni maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na taasisi ya Saide ya Johannesburg, Afrika Kusini, na tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Ina hadithi za picha katika lugha zaidi ya mia moja, Kiswahili kikiwamo, na zote zimetolewa kwa leseni huria, kwa hiyo unaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na kuzitafsiri bila kulipa chochote. Zimepangwa katika ngazi 5, kuanzia zile zenye maneno machache kwa kila ukurasa hadi zile ndefu ambazo mtu mzima humsomea mtoto.

Utamu wa hadithi zenyewe nawaachia wengine. Mimi nilitaka kujua kama vitabu hivi vinamsaidia mtoto aelewe kitabu ni kitu gani na maandishi hufanya kazi vipi. Sisi watu wazima tumekwisha kusahau kwamba mambo haya tulifundishwa: kwamba kinachosomwa ni maandishi wala si picha, kwamba mstari ukiisha jicho hurudi kushoto na kushuka, na kwamba ile nafasi tupu kati ya neno na neno ina kazi yake. Marie Clay, mtafiti wa elimu wa New Zealand, aliyatungia kipimo katika miaka ya 1970. Mtoto alipewa kijitabu chenye picha iliyopinduliwa na mistari iliyovurugwa, kisha akaangaliwa kama atagundua.

Hapa pwani jambo hili lina upande wa pili. Watoto wangu wengi asubuhi wako shuleni na alasiri wako chuoni, yaani madrasa, ambako Juzuu Amma (sehemu ya mwisho ya Kurani) hufunguliwa kwa upande ambao kitabu cha shule huishia, na mstari hutoka kulia kwenda kushoto. Kijana mmoja alikuwa akifungua kila kitabu kwa nyuma, na nilikataa kuliita hilo kosa, kwa sababu alikuwa amekwisha kujua kwamba kitabu kina mwanzo na kwamba mwanzo huo una heshima yake. Nilimwita tu, nikamwomba anionyeshe kwa kidole juzuu yake huanzia wapi, kisha nikamwonyesha kijitabu cha hadithi huanzia wapi. Hakuhitaji kuambiwa mara ya tatu. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa hati za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hizi tunazozitumia leo, na sioni kwa nini mtoto aone haya kwa kujua njia zote mbili.

Mahali ambapo hadithi za ngazi ya kwanza zimenifaa zaidi ni katika kufuatisha maneno kwa kidole. Maneno yetu ni marefu, na mtoto husikia silabi kabla ya kusikia neno. Mbele ya sentensi kama "Watoto wanakimbia", atagusa neno la kwanza akisema "wa", atagusa la pili akisema "to", kisha kidole kitakosa pa kwenda ilhali sehemu kubwa ya sentensi bado iko mdomoni. Sentensi inapokuwa peke yake ukurasani, mtoto huiona hitilafu hiyo mwenyewe na kuanza upya. Kwa kuwa leseni inaruhusu, nilichapa nakala ya ziada, nikazikata sentensi neno kwa neno kwa mkasi, na watoto wakawa wanazipanga tena juu ya mkeka huku wakiacha nafasi kati ya maneno.

Kuhusu uchapaji, jihadharini. Hadithi hupakuliwa pia katika umbo la kijitabu, ambapo karatasi ya A4 hukunjwa katikati, hivyo kurasa 16 hutumia karatasi 4 tu. Duka nililokwenda mara ya kwanza walichapa pande zote mbili bila kurekebisha mashine, na kila ukurasa wa pili ukatoka kichwa chini. Mwambieni mchapaji karatasi igeuzwe kwa upande mfupi, na mkague nakala moja kabla ya kulipia ishirini. Zile zilizoharibika niliwagawia watoto bila kusema neno, na siku hiyo nilijua kwa hakika nani anageuza kitabu akifika ukurasa uliopinduka na nani anaendelea "kusoma" vilevile.

Wazazi kadhaa wameniuliza kwa nini nisiwasomee kwenye simu ili kuokoa gharama. Simu ni nzuri kwa kuteua hadithi, lakini haina jalada la kuonyesha, haina ukurasa wa kufunua, wala mtoto hawezi kuona kwa mkono amesoma kiasi gani na kimebaki kiasi gani. Kwa lengo hili mahususi, bora hadithi tano za karatasi kuliko mia moja za kioo.

Angalizo langu ni moja. Kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuandika au kutafsiri humo, mwalimu asome kila hadithi kwa sauti kabla ya kuichapa, na akikuta sentensi isiyokaa vizuri kinywani, airekebishe, kwani ruhusa anayo. Jalada huonyesha jina la mwandishi na la mchoraji. Mimi huyasoma yote mawili kila mara, hata watoto wanapokuwa na haraka ya kufika kwenye hadithi. Wiki iliyopita binti mmoja alinikabidhi karatasi aliyoikunja mwenyewe. Mbele alikuwa ameandika jina lake, na ndani mlikuwa na mistari ya vijiduara iliyoanzia kushoto, yenye nafasi katikati.

Kwa anayeanza, nashauri achukue hadithi nne za ngazi ya kwanza, nakala mbili kwa kila moja: ya kusoma na ya kukata.