Seti ya patasi sita za nakshi, baada ya miezi minne ya kuchonga nyumbani

Mwezi wa tatu nilinunua seti ya patasi sita za mkono katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa kwa shilingi 2,400, nikiwa na kazi moja tu moyoni: kuchonga kibao chenye jina la mama yangu, kizungukwe na nakshi za milango ya kwetu pwani, kitundikwe juu ya mlango wa chumba chake. Seti haina chapa ya kampuni yoyote. Kilichopigwa muhuri kwenye kila patasi ni maneno ya kueleza kwamba chuma chake kimechanganywa na kromiamu na vanadiamu. Nimeitumia karibu kila jioni kwa miezi minne, na haya ninamwandikia mtu anayetaka kuchonga barazani au uani kwake, pasipo karakana wala mashine.

Ndani ya mfuko wa turubai mna patasi bapa mbili, za milimita 12 na 6, bobari mbili, yaani patasi za makali yaliyopinda za kuchimbia mifereji, moja pana na moja nyembamba, patasi ya mshazari, ambayo makali yake yamekatwa kwa kuinama upande mmoja, na moja yenye ncha ya pembe kama herufi V. Uteuzi huo ni mzuri kwa nakshi, kwa sababu hakuna hata moja iliyokaa bila kazi, na mipini yake ya mviringo inashikika vyema hata mkono ukiwa na jasho.

Kasoro kubwa ni kwamba patasi hizi huja butu, na hakuna neno lolote kwenye mfuko linalomtahadharisha mnunuzi. Jioni ya kwanza niliijaribu bobari pana kwenye ubao wa mkangazi, nayo badala ya kukata ikaponda. Nyuzi za mbao zililala, zikachanika, na mfereji niliokusudia uwe laini ukabaki na manyoya. Nilidhani mkono wangu ndio wenye kosa. Fundi seremala wa jirani aliichukua ile bobari, akaigusisha makali kwenye ukucha wa dole gumba, nayo ikateleza. "Dada, hii bado haijanolewa," akasema. "Kiwandani wameikata umbo tu. Makali utayatia mwenyewe." Patasi kali haitelezi juu ya ukucha, hushika papo hapo, na tangu siku hiyo sianzi kazi bila kujaribu hivyo.

Kwa hiyo bei halisi ya seti hii si shilingi 2,400. Ongeza kinoo chenye pande mbili, upande wenye kukwaruza wa namba 400 na upande laini wa namba 1000 (namba ikikua, chembe za kinoo huwa ndogo zaidi), ambacho mimi nilikipata kwa shilingi 900, na kipande cha mkanda wa ngozi kuukuu cha kumalizia. Unakilowesha kinoo, unailaza patasi kwa ule mshazari wake wa nyuzi 25 hivi, unaisukuma bila kuiyumbisha mpaka uhisi kwa kidole, upande wa pili wa bapa, kijimkunjo chembamba cha chuma; hapo ndipo unapohamia upande laini. Bobari zinahitaji kuzungushwa kifundo cha mkono wakati wa kusukuma, ndiyo maana zilinichukua jioni mbili nzima. Baada ya hapo chuma hiki kilinipendeza. Maranda yalitoka marefu, yamejisokota, na mfereji uliobaki nyuma ukang'aa bila kuguswa na msasa.

Nakshi niliyoitaka ni waridi katikati na mnyororo pembezoni. Waridi la petali sita huchorwa kwa bikari peke yake: ukishachora duara, hubadilishi upana wa bikari, unatembea nao juu ya duara lilelile mara sita, na kila kituo kinazaa upinde mmoja wa petali. Kuchonga petali ndiko kulikonionyesha thamani ya patasi ya mshazari. Inakata mstari wa katikati kwanza, kisha inateremka kutoka ukingoni hadi kwenye mstari huo, na kipande kidogo chenye umbo la jani kinanyanyuka kizima, bila kung'ang'anizwa. Nusu ya kila petali lazima uikate kutoka upande wa pili, kwa maana nyuzi za mbao hugeuka, na atakayelazimisha kwenda kinyume nazo atavunja ncha ya petali kama nilivyoivunja ya nne.

Mbao nayo ina hukumu yake juu ya vifaa hivi. Kwenye mkangazi na mwarobaini zimefanya kazi kwa utulivu kabisa. Mwarobaini ninaupendekeza kwa moyo wote: umejaa huku pwani, na wachongaji wengi wameuhamia baada ya mpingo na muhugu kuadimika, ingawa vumbi lake linawasha pua na ni lazima kujifunga kitambaa. Msaji, ambao milango mingi ya kale ilichongwa kwao, una chembechembe kama za mchanga ndani yake, hivyo nililazimika kunoa kila baada ya nusu saa. Mpingo usiujaribu kwa seti hii. Ni mti mzito kiasi cha kuzama majini, na kipande kidogo nilichopewa kilimega makali ya bobari nyembamba kwa pigo la tatu la nyundo ya mti.

Yako mengine mawili yaliyoniudhi. Pete ya mpini wa bobari pana ililegea wiki ya pili, na nilipoirudisha dukani niliambiwa kwamba bidhaa iliyokwisha kutumika haibadilishwi. Niliigandisha mwenyewe kwa gundi, nayo imeshika. Patasi ya V ina tatizo lisilotibika: ubavu wake mmoja ni mnene kuliko wa pili, kwa hiyo kila ninaponoa ncha inavutwa upande, na herufi za jina la mama zilikuwa zikitoka na kingo zisizolingana.

Kwa herufi hizo nilikwenda kwa mhunzi, akanifulia patasi ya V kutokana na tupa kuukuu kwa shilingi 800, yaani theluthi moja ya bei ya seti nzima. Ndiyo iliyokata jina lote, tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na nilinoa mara mbili tu. Atakayenunua seti hii achukue tano zake kwa furaha, na ya sita aifuate kwa mhunzi.