Dirisha la seva la Steam: kisanduku cha ramani ndicho chenye kazi

Kwa anayecheza Counter-Strike: Source, mchezo wa risasi wa mtandaoni, na kutafuta seva zenye modi (mchezo uliobadilishwa), dirisha la kutafutia seva la Steam, programu ya michezo ya kompyuta, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Utamu uko kwenye kisanduku cha ramani. Andika surf_ tu, orodha ndefu inapungua. Zinabaki seva za kuteleza kwenye kuta zilizoinama (surf), kwa kuwa watengenezaji wa ramani hizo huanza majina na neno hilo. Kisha weka ucheleweshaji (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) chini ya milisekunde 100, maana kuteleza ukutani huku mtandao unakwamakwama ni mateso matupu. Chagua zenye watu na ambazo hazijajaa. Za nenosiri ziondoe. Kichujio cha mahali mimi hukiacha wazi, ucheleweshaji unatosha kuonyesha seva iliyo karibu. Ukipata nzuri, iweke kwenye vipendwa hapohapo.