Kufungua na kukaza nati za tairi bila kuzichubua: kifaa gani ununue kwanza

Wakuu, ukizikagua gari nyingi hapa Mbeya unakuta rimu inang'aa alafu nati zimechubuka pembe zote, kromu imebanduka na kutu imeshaanza. Sio uzee huo, ni kifaa. Kromu ikishatoka chuma kinabaki wazi, na kwa mvua za Tukuyu kutu haichelewi, hasa zile nati zilizovishwa kikofia chembamba juu, kutu inaingia chini ya kikofia kinavimba, spana ya saizi yake haiingii tena na kubwa inateleza, basi hapo pembe zinaliwa moja kwa moja. Kwahiyo kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua kile kinachogusa nati.

Jua saizi kwanza. IST, Noah, Premio, Hilux nyingi ni milimita 21, Nissan nyingi nazo 21, Subaru na Honda 19, Volkswagen bolti zake 17. Ila kama mwenye gari wa mwanzo alibadili nati usiamini mtu, vua moja uende nayo dukani uivishe soketi, ikicheza hata kidogo iache.

Namba moja kwangu ni soketi ya pande sita yenye ganda la plastiki. Zinauzwa tatu tatu, mara nyingi ya bluu ni 17, njano 19, nyekundu 21. Ganda la nje linalinda rimu ya spoti isikwaruzwe, na zipo zenye plastiki mpaka ndani ili uso wa nati usigusane na chuma, hizo ndo za kuchukua hata kama bei imepanda kidogo. Chungulia ndani uhesabu pande, zikiwa kumi na mbili rudisha, hizo zinashika pembe tu wakati za pande sita zinakaa kwenye uso mzima wa nati. Angalia na unene wa ukuta maana rimu nyingi za spoti matundu yake ni membamba. Pamoja nayo chukua mkono mrefu wa nusu inchi, kama sentimita 60 hivi, ili uvute taratibu bila kuruka ruka. Unalegeza nati tairi likiwa bado chini, ndo unapiga jeki.

Namba mbili ni toki renchi, ile spana inayolia tik ikifika nguvu uliyoipanga. Wengi wanaiona anasa na mimi sikubaliani nao kabisa. Toyota ndogo nyingi zinataka Nm 103 (Nm ni nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), Honda 108, Nissan kama 113. Sasa mtu wa kilo 80 akisimama mwisho wa bomba la mita moja lililovishwa kwenye spana anaweka karibu Nm 800! Stadi, yaani ile bolti inayoshika nati, inavutika, kromu inapasuka, na nati zikikazwa bila kulingana diski ya breki inaweza kupinda, utakuja kuliona kwenye usukani unaotetemeka ukishika breki kushuka Kitonga. Tafuta inayoanzia kama Nm 40 hadi 200, usiitumie kufungulia, na ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa. Nyuzi za stadi na nati ziwe safi na kavu, ukipaka grisi au oili utakaza kupita kiasi na renchi haitakwambia.

Tatu, spana ya msalaba. Mkono mmoja unavuta mwingine unasukuma, kwahiyo hailali upande, na inafaa sana kwa rimu za chuma. Mdomo wake ni mnene lakini, kwenye rimu ya spoti itakwaruza.

Nne mashine ya betri, tamu kwenye kufungua, ila soketi zake ziwe zile nyeusi nene maana za kung'aa zinaweza kupasuka, na kukaza iishie kwenye kugusisha tu. Wili spana iliyokuja na gari iache kwenye buti kwa ajili ya pancha ya njiani, Mlima Nyoka usiku huchagui.

Na ukienda kwa fundi tairi, Mwanjelwa, Mafinga, popote, mpe soketi yako. Mwambie kwa upole, "fundi naomba utumie hii, na nati zote uzianze kwa mkono", alafu kukaza malizia mwenyewe kwa toki renchi, kwa nyota, yaani ukitoka nati moja unaruka kwenda ya upande wa pili, sio kuzunguka duara. Ukitembea kati ya km 50 na 100 pima tena, yaani ukitoka Mbeya ukifika Tukuyu, acha tairi zipoe kwanza ndo upitishe renchi.