Mercury kwa kutazama chumvi oganiki: uzoefu wangu

Kwa anayesoma maumbo ya fuwele, sijaona programu ya bure inayoifikia Mercury, ile ya CCDC, kituo cha data za fuwele cha Cambridge. Naitumia sana kwenye chumvi oganiki, yaani misombo ya kaboni iliyoundwa na ioni, na hapo ndipo thamani yake inapoonekana.

Chukua 2-aminopiridini na asidi ya salisili. pKa zao (kipimo cha urahisi wa kuachia protoni; ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ni karibu 6.9 na 3.0, tofauti inakaribia 4, kwa hiyo unatarajia protoni ihame kutoka kwenye asidi iende kwa naitrojeni ya pete ya aminopiridini. Fungua CIF (faili lenye maelezo ya muundo wa fuwele) ya chumvi hiyo, washa bondi za haidrojeni, na jambo lenyewe liko wazi: naitrojeni iliyopokea protoni na kundi la amino jirani yake zimeshika oksijeni mbili za kaboksileti (kundi la asidi lililopoteza protoni), zikafunga pete ya atomu nane. OH ya salisileti, ioni inayotokana na asidi ya salisili, nayo imeshikana na oksijeni ya kaboksileti ndani ya ioni ileile. Ukibofya mstari unaoning'inia, ioni ya jirani inajitokeza. Bofya tena, inakuja nyingine. Mimi huwa nasahau saa hapo.

Ila mistari ile inachorwa kwa vigezo vya umbali na pembe tu, na unaweza kuvibadilisha. Programu haikuthibitishii kwamba protoni imehama kweli. Eksirei, ambazo ndizo kwa kawaida hutumika kupima miundo hii, husoma elektroni, na haidrojeni inayo moja tu, hivyo mahali pake hapaaminiki sana, na bondi ya N–H hutoka fupi kuliko inavyopimwa kwa nyutroni. Mimi hupima bondi mbili za C–O. Zikikaribiana, kwenye anstromu 1.25 hivi (anstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), hiyo ni kaboksileti na chumvi unayo. Moja ikiwa 1.21 na nyingine 1.31, protoni bado iko kwa asidi. Kipimo cha umbali kimo kwenye toleo la bure, na ni cha kubofya atomu mbili tu.

Muundo mmojammoja unapakuliwa bure kwenye tovuti yao ukiwa na namba yake. Kinachoniuma ni leseni: kuchambua hazina yao yote, iliyovuka miundo milioni 1 mwaka 2019, kunahitaji kulipiwa, na baadhi ya zana za uchambuzi ndani ya Mercury vilevile. Kwa mwanafunzi mwenye CIF yake mkononi, toleo la bure linatosha kabisa. Mercury inaingia kwenye Windows, Mac na Linux.