Drams za roki: mikono mitupu au vijiti?

Sauti ndiyo inayoamua mengi hapa. Kijiti ni kigumu na urefu wake huongeza kasi ya pigo, ndiyo maana snea (ngoma fupi yenye nyaya chini yake) hulia kwa mlio mkali unaopenya katikati ya magitaa ya umeme. Kiganja hakifiki huko hata ukipiga kwa hasira. Lakini mkono una ufundi wake: vidole hupapasa, kiganja huziba mlio, na ukikandamiza ngozi ya tomu (ngoma ya drams isiyo na nyaya) kwa mkono mmoja huku ukiipiga kwa mwingine, sauti hupanda. John Bonham, mpiga drams wa bendi ya roki Led Zeppelin, alikuwa akiweka vijiti kando katikati ya solo jukwaani na kuendelea kwa mikono, wala si kwa kukosa vijiti.

Gharama? Vijiti huvunjika, unanunua tena. Mikono ni bure, mpaka uigonge kwenye ukingo wa chuma. Konga za kisasa, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa mikono, zina nafuu, maana ukingo wake hukaa chini ya usawa wa ngozi. Wa snea na tomu hujitokeza juu. Kupiga matoazi kwa nguvu kwa vidole, mimi sishauri kabisa.

Ngozi za drams hudumu zaidi kwa mikono, kwani ncha za vijiti huacha mabonyeo. Kwa mapigo ya mfululizo ya kasi, vijiti vinashinda: hudunda vyenyewe.

Unapiga na bendi kamili bila maikrofoni? Chukua vijiti. Chumba kidogo na gitaa lisilo la umeme? Jaribu mikono, ila vua pete kwanza.