Bismathi kwa Bunduki Kuukuu: Maganda Mafupi ya RST Mezani Kwangu

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo mezani nina vitu viwili. Hii ni bunduki ya marisau, yaani ya kurusha punje nyingi ndogo kwa pamoja, yenye mitutu miwili, L.C. Smith ya geji 16 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), iliyoundwa Fulton, New York, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Na hili ni boksi la maganda, yaani risasi zima zenye baruti na punje ndani, ambayo punje zake ni za madini yaitwayo bismathi, kutoka kampuni ya RST, wale wa Pennsylvania waliojijengea jina kwa maganda mafupi yenye presha ndogo. Bunduki nimeachiwa na mzee jirani yangu hapa Maryland, aliyewinda nayo bata kwenye ghuba ya Chesapeake tangu ujana wake. Aliniambia, "Usije ukaitundika ukutani." Basi nimehangaika kuitafutia chakula chake.

Zamani punje za marisau zilikuwa za lead; kwa Kiswahili madini hayo tunayaita risasi, na kinachotoka bundukini pia tunakiita risasi. Kuanzia hapa nikisema risasi namaanisha madini. Lakini hapa Marekani, tangu 1991, ni marufuku nchi nzima kuwinda bata na bata bukini kwa marisau ya risasi. Ndege huyaokota matopeni akidhani ni changarawe, yanasagika kwenye firigisi, sumu inaingia kwenye damu. Tai akimla ndege yule, naye anaugua. Sheria hii naiunga mkono kwa moyo wote.

Wengi wamehamia kwenye chuma, kwa kuwa ni rahisi. Kwa bunduki kama hii, mimi siwezi. Mitutu ya zamani ina kuta nyembamba na choki, yaani ule mfinyo wa mdomoni, iliyobana sana. Risasi ikifika pale inabonyea na kupita. Chuma hakibonyei, na mtutu unaweza kuvimba pete. Kampuni ya Browning yenyewe inawaonya wenye bunduki zake za Auto-5 zilizotengenezwa Ubelgiji wasipitishe chuma kwenye mitutu yake ya asili.

Sasa tazameni hapa kwenye koleo. Hii ni punje ya risasi: nikiiminya inalala bapa kama chapati. Hii ya chuma... koleo linateleza tu. Na hii ya bismathi, sikilizeni: imepasuka! Bismathi peke yake huvunjika kwa urahisi, ndiyo maana huchanganywa na bati kidogo. Kwa uzito, risasi ina takriban gramu 11 kwa sentimita moja ya ujazo, bismathi 9.6, chuma 7.8 hivi. Kwa hiyo, nikilinganisha na risasi, naongeza saizi moja tu ya punje, wakati kwa chuma ningeongeza mbili. Na sumu haina: dawa ile ya tumbo ya rangi ya waridi, Pepto-Bismol, imetengenezwa kwa bismathi.

Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, maana nimeona watu wakikosea. Boksi likiandikwa bismathi, limekuambia habari za punje tu. Halijakuambia lolote kuhusu presha. Punje laini inaulinda mtutu. Kitako na mitambo ya kufungia vinalindwa na presha ndogo. Ganda la kisasa la geji 12 la inchi 2¾ linaruhusiwa kufika pauni 11,500 kwa inchi ya mraba kwa kipimo cha SAAMI, taasisi ya viwango vya silaha ya Marekani, liwe la risasi au la bismathi. Na hizi L.C. Smith zinajulikana kwa kupasuka kitako nyuma ya bamba za pembeni. Mbao ya miaka mia haitaki kupigwa teke hilo.

Halafu kuna chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ganda linapokaa. Geji 16 nyingi za zamani za Marekani zina chemba ya inchi 2 9/16. Ganda la inchi 2¾ linaingia vizuri, mlango unafunga, ukadhani mambo sawa. Likilipuka, mdomo wa ganda unafunguka mahali mtutu unapoanza kufinyika, njia inabana, presha inapanda. Kent Bismuth ya geji 16, ganda la bismathi la kampuni nyingine, ni zuri, ila ni la inchi 2¾. Kwa chemba yangu halifai. Haya ya RST ni inchi 2½.

Nilianza kwa fundi bunduki: akapima chemba na unene wa kuta, akafungua mbao kutafuta nyufa. Ndipo nikapiga karatasi kwa yadi 30. Teke lake ni la upole, bega halikuuma, na marisau yalitawanyika sawasawa bila matundu makubwa katikati. Kwa bata aliyeshuka karibu, natosheka. Zaidi ya yadi 35 sitafyatua.

Ubaya wake ni bei na upatikanaji. Bismathi ni ghali kuliko chuma mara mbili, hata tatu, na maganda mafupi huyakuti kila duka. Mazoezi ya kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani nafanya kwa maganda mafupi ya risasi yenye presha ndogo, pale uwanja unaporuhusu. Boksi hili nalitunza kwa ajili ya kuwinda bata majini. Mzee ameshaniuliza asubuhi ya kwanza ya msimu nitampitia saa ngapi.